Kidole Kimoja, Akina Mama Kumi na Mmoja

Sehemu ya tisa

Wiki iliyopita nilimwacha Orpha ameinama juu ya meza, kioo cha kukuzia kiko mkononi, jasho linamtoka, na wasomaji saba mkanitumia ujumbe wa matusi. Mmoja wa Ngagara ameniambia nina roho mbaya. Ni kweli ninayo, na leo utaiona vizuri zaidi.

Kwa aliyeingia leo: Orpha Cirimwami anafanya kazi kwenye taasisi huru ya maadili ya tiba, ile nyumba nyeupe ya Kinindo yenye geti la bluu. Taasisi haichukui amri kwa wizara wala kwa kampuni za dawa. Inataka kujua jambo moja tu, kama mtu aliyejaribiwa dawa aliulizwa kwanza na akakubali. Orpha ndiye msomaji wao. Asiyejua kusoma, Orpha humsomea kila mstari unaomhusu.

Faili lililo mezani ni la Daktari Fortunat. Dawa yake ya maji ya kuzuia malaria imejaribiwa kwa watoto kumi na wawili wa mtaa wa Carama, kijiko kila mwezi. Watatu wamezikwa. Wote walianza vilevile: damu puani, kisha macho ya njano, kisha kaburi.

Daktari anasema mama zao walikubali kwa kuweka kidole. Karatasi kumi na moja zipo. Ya kumi na mbili haipo, na yeye anadai mama wa mtoto huyo alijitoa mapema, mtoto hakunywa hata tone.

Na zile alama kumi na moja, chini ya kioo, ni za kidole kimoja.

Hapo ndipo tulipoachana.

Orpha alikiweka kioo chini, hakukihitaji tena. Katikati ya kila alama kulikuwa na kovu lililopinda kama mundu. Kovu hilo alilifahamu tangu ananyonya. Lilitokana na kisu cha kuchambulia sombe, yaani kisamvu, na dole gumba lenyewe lilikuwa la mama yake mzazi.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Marwa Nasor, mkurugenzi, mwanamke aliyelikataa duka la vitambaa la baba yake na babu yake ili aje kukaa na mafaili ya wafu. Hacheki ovyo, na sijasikia kwamba aliwahi kumsamehe mtu.

"Umeona nini?"

"Alama zimefanana, madame."

"Hilo nimeliona hata mimi na macho yangu mabovu. Za nani?"

"Sijui."

Marwa akamtazama.

"Una hakika, Orpha?"

"Ndiyo, madame."

"Haya. Chukua gari, wewe na dereva Jovithe mkamlete Benite, mama wa yule Prodige aliyezikwa. Saa nane daktari atakaa kile kiti, Benite atakaa hiki, nasi tutawaambia tulichokipata kabla hakijachapwa popote. Wallahi, mtu hatasoma habari zake gazetini kama mgeni." Akafika mlangoni, akageuka. "Ukikumbuka kitu njiani, nipigie. Mpaka saa nane simu yangu iko wazi."

Mmelisikia hilo neno la mwisho? Orpha hakulisikia.

*

Jovithe dereva alimshusha Carama saa sita na robo.

Mama Odette alikuwa amekaa mlangoni, anachambua sombe, kisu kiko mapajani. Kando yake alisimama Béatrice, binti wa Orpha, miaka mitano, ambaye hushinda kwa bibi yake, mama yake akiwa kazini. Alikuwa na nywele mpya za kusuka na kitambaa kimechomekwa puani.

"Mupira umemupiga," bibi akasema kabla hajaulizwa.

Orpha alimpapasa mtoto kichwani bila kumwangalia. "Béa, nenda ucheze kwa jirani."

Mtoto akaenda. Orpha akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama, leta mukono."

"Wa nini?"

"Leta."

Akaugeuza. Kovu lilikuwa palepale, limepakwa kijani cha majani.

"Mama, ulipiga kidole kwa makaratasi ya Docteur Fortunat?"

Odette akacheka. Nataka mjue kwamba alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kizuri, cha mtu anayekumbushwa wema wake.

"Ile ya syrup? Ego, ndiyo, nilipiga. Bamama bote balikuwa bameenda kuuza Uvira. Docteur akasema leo njo mwisho, kesho anafunga liste. Sasa batoto bakose dawa juu mama yao iko kwa soko? Kule kambini nani alikuwa anapigia kidole ligne yetu yote? Si mi? Kuna siku mutu alikosa unga?"

Ni kweli, hakuna. Waliopita kambi ya wakimbizi wanajua. Kila foleni ilikuwa na mwanamke mmoja wa kuaminika. Aliyejifungua, aliyelala na homa, aliyekwenda kutafuta kuni, wote yeye aliwawekea kidole kwenye orodha na unga ukawafikia. Hakuna aliyeuita wizi. Odette alikuwa kidole cha watu sitini, na jina lake lilitajwa kwenye sala za asubuhi.

Daktari Fortunat aliijua habari hiyo. Ndiyo maana alikuja na makaratasi siku ya soko.

"Mama, ile haikuwa liste ya unga. Ilikuwa inasema dawa haijajulikana. Inasema mutoto anaweza kufa."

"Mi najua kusoma?"

"Hakukusomea?"

"Alisema weka hapa, weka hapa. Nikaweka."

Swali lililobaki lilikuwa moja, na hakulitaka.

"Na Benite? Yeye pia alikuwa kwa soko?"

Kisu kikasimama juu ya majani.

"Alikuwa."

"Kabla aende, ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Akasema?"

Odette akatazama barabarani. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Alisema apana. Alisema Prodige wake si panya ya kujaribia dawa."

"Na we ukafanya nini?"

"Mi nikasema huyu mutoto atakufa na malaria juu ya kichwa nguvu ya mama yake. Nikamubeba kwa mugongo mi mwenyewe. Nikapiga kidole. Niliwaza nitamuambia Benite akishaona mutoto iko muzima." Akaanza tena kuchambua, haraka, majani mabaya na mazuri pamoja. "Orpha, mi niliona malaria njo imemuua. Mana yanje, Mungu wangu, niliona ni malaria."

Miezi minne sasa Odette anapika chungu kikubwa kuliko watu wa nyumba yake, na kila siku sahani ya kwanza inakwenda kwa Benite. Orpha alidhani ni ujirani. Sasa alijua kwa nini, na moyo ulimuuma hata akatamani asingezaliwa na macho.

Usimhurumie sana. Tazama alichofanya.

"Mama, nisikie. Leo usitoke. Mutu akikuuliza, haujui kitu. Haujawahi kuona karatasi."

"Unanifundisha uongo? We, mutu wa kusomea bantu ukweli?"

"Leo tu."

"Na Benite?"

"Benite tayari amezika, mama. Mi sijakuzika we."

Kivuli kikaanguka kati yao. Benite alikuwa amesimama hatua tatu, kitenge chake cha kanisani kimepigwa pasi, na mkononi ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Orpha akatafuta usoni mwake kama amesikia. Hakuwa amesikia.

"Mama," Benite akamwambia Odette, kwa maana hana mama mwingine, wake alibaki ng'ambo ya mto akiwa maiti. "Jovithe amesema gari iko na nafasi. Twende wote. Mi siwezi kukaa mbele ya ule mwanaume peke yangu. Ukinishika mukono nitaweza."

Orpha akatikisa kichwa nyuma ya mgongo wa Benite, macho yakisema: Apana, mama. Sema unaumwa.

Odette akajifuta mikono kwenye kanga, akainuka.

"Twende, mwanangu."

Garini walikaa nyuma. Kufika kituo cha mafuta, penye ile foleni ya magari isiyoisha, Benite alikuwa ameshalaza kichwa begani kwa Odette, na Odette alikuwa anampigapiga mgongo kwa mkono uleule. Orpha alikaa mbele na Jovithe. Simu ilikuwa mapajani, jina la Marwa liko kwenye kioo. Hakubonyeza.

*

Daktari Fortunat aliwahi. Alikuwa uani mwa taasisi, suti ya kijivu, mkoba wa ngozi, anamsalimia kila mtu kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kuposa.

Alimngoja Orpha apite peke yake.

"Dada Orpha. Nimesikia njo we unashika kile kioo."

"Niache nipite, docteur."

"Nakuacha. Kidogo tu. Mi na we tunajua kile kidole ni cha nani. Mama muzuri, ananisalimiaka vizuri sana." Akapunguza sauti. "Sema wino ulimwagika, alama haisomeki. Donc mi nabaki na kliniki yangu ya Mutanga Nord, mama anarudi kwa sombe yake. Nani amepoteza?"

"Na nikisema ukweli?"

Akaupiga mkoba wake kwa kiganja, taratibu.

"Humu niko na karatasi moja. Niliificha juu ya heshima yako. Usinilazimishe kuitoa."

Karatasi gani? Orpha hakuuliza. Alidhani anaijua: kitu kingine chenye jina la mama yake. Huo ndio upuuzi wa mtu mwenye hofu moja, anaona kila mlango unaelekea kwenye hofu hiyohiyo.

*

Saa nane kamili. Marwa mbele. Daktari kulia. Kushoto Benite, na kwa ombi lake Odette kando yake, mikono imeshikana juu ya kile kiatu.

"Kwa jina la Mungu tunaanza," Marwa akasema. "Msomaji wetu amechunguza alama. Orpha, ni za nani?"

Orpha akasimama. Akamtazama mama yake, akamtazama daktari.

"Hazisomeki, madame. Wino ulimwagika."

Daktari akainamisha kichwa kwa adabu.

Marwa alivuta mtoto wa meza, akatoa karatasi ya zamani, akaisukuma mpaka mbele ya Orpha.

"Na hii inasomeka?"

Ilikuwa fomu ya siku Orpha alipoajiriwa. Kila mfanyakazi wa taasisi huleta mdhamini. Wake alikuwa mama yake, na mama yake hajui kuandika. Chini ya ukurasa lilikaa dole gumba lenye kovu kama mundu, safi, bila tone la wino kumwagika.

"Nilijua tangu Jumatatu," Marwa akasema. "Leo Alhamisi. Nilikupa kioo na siku nne. Leo asubuhi nikakuuliza mara mbili. Nikakupa gari, nikakupa simu. Sheria yetu unaijua vizuri, mwenye ndugu ndani ya faili anasema, kisha anatoka kwenye faili. Ungesema tu, Orpha. Ungetoka na kazi yako na heshima yako."

"Madame, ni mama yangu."

"Na Prodige alikuwa mtoto wa nani?"

Benite alikuwa anatazama huku na huku. Mambo yalikuwa yanapita juu ya kichwa chake na alianza kuogopa.

"Mama, banasema nini?" akamnong'oneza Odette.

Odette aliinamisha macho kwenye kiatu.

"Kazi yako hapa imekwisha," Marwa akaendelea kumwambia Orpha. "Umebakiwa na ukurasa mmoja. Tulimuahidi huyu dada kwamba tukipata jibu, atasomewa kwa sauti na mtu anayemuamini. Alikutaja wewe. Ahadi yetu haivunjwi kwa sababu wewe umeivunja. Soma."

Sijui nani kati yenu angeweza. Mimi ningekimbia. Orpha alichukua ukurasa, akaulaza juu ya meza.

"Karatasi namba saba," akasoma. "Mutoto, Prodige. Ile alama iliyowekwa kwa jina la mama yake... haikuwekwa na mama yake." Akapumua. "Iliwekwa na Odette Cirimwami."

Nje, Jovithe alikuwa anaosha gari, maji yalisikika yakimwagika.

Benite hakupiga kelele. Wanaotaka kelele wakatafute hadithi nyingine. Aliugeuza mkono wa Odette uliokuwa ndani ya wake, akaufungua, akalitazama dole gumba kwa muda mrefu.

"Mi nilikuambia apana."

"Uliniambia, mwanangu."

"Ukamupeleka."

"Nilimupeleka."

"Wakati unamupa ile dawa, alilia?"

"Kidogo."

"Alikuwa anaita nani?"

Machozi ya Odette yalikuwa yanaanguka juu ya kiatu. "We. Alikuwa anakuita we."

Benite akaurudisha ule mkono mapajani mwa mwenyewe, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Kisha akakivuta kiatu upande wake.

"Kila siku nimekula chakula yako," akasema.

Daktari Fortunat aliona hapo pana nafasi, akasimama na kufunga kifungo cha koti.

"Madame la directrice, mumesikia wenyewe. Hakuna mutu nililazimisha. Huyu mama alileta batoto kwa mikono yake, juu alikuwa na imani na dawa." Akafungua mkoba. "Na kama munasema nilimudanganya, muangalie hii. Mutu anapelekaka mujukuu wake kwa sumu?"

Akaweka karatasi mezani, taratibu, kwa vidole viwili.

Namba kumi na mbili.

Marwa, ambaye siku nzima alikuwa anajua kila kitu kabla ya wengine, hii hakuijua. Alisimama.

"Ulituandikia kwamba namba kumi na mbili alijitoa. Kwamba hakunywa."

"Bon, ile ilikuwa..."

"Uliandika na ukatia sahihi, daktari. Na karatasi umeificha wewe, umeileta wewe. Kaa chini. Usiiguse tena."

Daktari akakaa. Alikuwa ameitoa imuokoe, na sasa alitazama mlango. Ningependa kuwapa nafasi ya kumcheka, mnastahili, lakini hapana wakati.

Kwa maana Orpha alikuwa ameivuta karatasi. Hakuna aliyemwambia asome. Alisoma kimya, midomo yake ikasogea.

Béatrice. Msichana. Miaka mitano. Carama. Chini yake, kovu.

Pembeni kulikuwa na safu ya tarehe, kijiko cha kila mwezi, kila kijiko na alama yake. Mwezi wa kwanza. Wa pili. Mwezi ambao Prodige alizikwa. Mwezi baada ya hapo. Cha mwisho kilikuwa cha wiki tatu zilizopita.

"Mama," Orpha akasema, na sauti haikuwa yake. "Ile damu ya puani. Ni mupira?"

Odette akajiziba mdomo kwa kanga.

"Mama! Kulikuwa na mupira?"

"Ilianza juzi," Odette akasema ndani ya kanga. "Sikutaka ukose kazi."

Benite akainuka. Kila mtu alidhani anaondoka, na Marwa akasogea kumpisha njia. Hakuondoka. Alizunguka meza mpaka akasimama mbele ya Orpha, karibu kabisa, kiatu cha mtoto kiko kifuani. Uso wake ulikuwa mtulivu, na utulivu huo ndio uliomfanya Orpha arudi nyuma mpaka ukutani.

"Dada Orpha, we umenisomea yangu. Ngoja nikusomee yako. Hii mi najua bila shule."

"Benite, nakuomba..."

"Siku ya kwanza ni pua. We unasema ni mupira, mi nilisema ni jua. Siku ya tatu anakataa kula, unamupiga kidogo, unasema ana matata. Mi nilimupiga. Kisha inafika macho. Ukiona macho imekuwa njano, unakimbia naye hospitali, na kule banakuambia umechelewa, ungemuleta jana." Akamtazama Orpha machoni, jicho moja kisha la pili, kana kwamba anamwonyesha jinsi inavyofanywa. "Leo saa sita ulikuwa naye. Macho yake ilikuwa rangi gani?"

Orpha alikumbuka kitambaa. Alikumbuka nywele mpya za kusuka, zilivyokuwa na joto chini ya kiganja chake. Alitafuta macho ya mtoto wake kila mahali kichwani mwake na hakuyapata, kwa sababu saa sita, katika nyumba ile nzima, kitu alichokitazama kilikuwa kidole cha mama yake.